Nyonga Mpya ya Nyanjige

Nyanjige wa Kasoli alizaliwa nyonga ya kushoto ikiwa nje ya mahali pake, na kwao hakuna aliyeligundua hilo mpaka alipoanza kutembea akichechemea. Wazee wakasema ni mizimu. Akakua hivyo, akaolewa na Maige hivyo, akazaa hivyo. Alipovuka arobaini, maumivu yakawa hayamwachi hata kitandani. Pamba aliichuma akijiburuta kwa makalio.

Ndipo akafanyiwa upasuaji Mwanza, akawekewa nyonga ya bandia.

Aliporudi kliniki, daktari alimuuliza, "Mama, umeridhika?"

"Nalala usingizi, daktari. Natembea mpaka sokoni bila fimbo. Ila mmenikataza kuchuchumaa, na mimi nina mama mkwe wa kumsalimia nikiwa chini."

Daktari hakucheka. "Mweleze," alisema.

Kumweleza Milembe, mama yake Maige! Tangu atoke hospitali, Nyanjige alikuwa akitafuta visingizio vya kutokwenda kwake Bukundi. Mwishowe Maige alimwambia waende, wakaenda.

Alimkuta mama mkwe uani, kwenye kigoda chake. Akasimama mbele yake.

"Mwadila, mayu," akamsalimia, akimwita mama kwa Kisukuma.

Milembe hakuitikia salamu. "Ulipokuwa mgonjwa ulikuwa unafika chini kunisalimia. Leo umepona, unanisalimia umesimama?"

"Nikichuchumaa, mayu, nyonga inaweza kuchomoka. Na zamani nilikuwa nafika chini, kweli, lakini kila mara niliona giza kwa maumivu."

"Miaka yote hiyo? Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje kusema?"

Milembe akaelekeza kidole kwenye zizi. "Hebu nenda pale, urudi."

Nyanjige akaenda, akarudi, mabega yametulia, miguu yote ikikanyaga sawasawa. Milembe akamrudisha tena, safari hii akimtazama kiunoni kama mtu anayekagua ndama wa kununua. Halafu akashika ukuta, akajiinua polepole mpaka wakatazamana uso kwa uso, akampa mkono.

"Mwadila, mwanangu." Akamgeukia binti yake aliyekuwa jikoni. "Domitila! Lete kile kiti kirefu cha ndani."

Nyanjige akakaa juu, mkwewe chini kwenye kigoda. Mwanzoni aliona aibu, lakini ugali ulipokuja wakala wakiongea habari za mvua na ng'ombe, na aibu ikaisha yenyewe.

Walipokuwa wakiaga, Milembe alimvuta pembeni.

"Huyo daktari wako," alinong'ona, akijisugua magoti, "na haya anayaweza?"