Vipanga wa Jiwe la Ikombe

"Veronika, macho yako yanaona ugali tu," alisema Tusekile, mikono kiunoni. "Vipanga hawajafika."

Veronika akamjibu kwamba wamefika tangu jana, na asiyeamini apande mwenyewe Jiwe la Ikombe akatazame. Majirani hao wangeweza kubishana hata juu ya weupe wa maziwa, lakini asubuhi ile ubishi wao ulimchoma mtu wa tatu. Asegelile, aliyeolewa miezi minne iliyopita, alikuwa na vyungu thelathini vilivyosubiri moto, vya kwanza tangu aingie nyumba ile. Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, huchoma vyungu uwanjani, chini ya nyasi na kuni. Mvua ikivikuta motoni, hupasuka. Na vipanga wakishuka kutoka kaskazini, mvua haipitishi siku mbili. Vingepasuka vya kwanza, jina baya lingemganda kama ukoko.

Mwenye neno la mwisho juu ya ndege alikuwa baba mkwe wake, mzee Enoki, aliyewangoja vipanga juu ya jiwe kila kiangazi kikiisha. Naye alikwisha kusema: bado, chomeni Jumamosi, siku tatu mbele. Nani wa kumuuliza tena? Mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi. Wakikutana njiani, hujifunika na kuingia majanini. Wamisionari wa Kijerumani walihubiri desturi hiyo iondoke. Nayo iliwasikiliza kwa adabu, ikabaki palepale.

Asegelile akapanda jiwe kwa nyuma, akajibanza kichakani. Mzee alikuwa ameelekea ziwani, akiwatazama shakwe na minandi wakigombea usipa, dagaa wa ziwa hilo. Shingo yake ilikuwa imekakamaa mwaka ule, na kwa fahari hakumwambia mtu. Nyuma yake, juu ya milima ya Ukinga, vipanga walimiminika kwa mamia, wakizunguka bila kupiga bawa, kama majivu yanayopaa kutoka jiko kubwa. Asegelile akatabasamu peke yake. Kisha akakumbuka vyungu vyake.

Akalisogelea jani lililokuwa puani pake. "Ewe jani," akasema kwa sauti, "laiti pangekuwa na mtu wa kutazama milimani."

Mzee akageuka mwili mzima, polepole, kama mtumbwi mzito. Akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akaliambia ziwa: "Vyungu vichomwe leo."

Tusekile na Veronika wakabeba nyasi, kila mmoja akidai ndiye aliyesema tangu mwanzo. Moto ukawaka hadi jua lilipozama. Kati ya thelathini kilipasuka kimoja tu, nacho kidogo.

Kesho yake adhuhuri mvua ikashuka. Majirani wale wawili wakakimbilia barazani alipoketi mzee, na Asegelile, aliyelowa chapachapa, akasimama nje chini ya ukingo wa paa, amejifunika, asijue aelekee wapi. Ndani palinuka samaki na ndizi. Kigoda kikaburuzwa. Kisha ikatoka sauti ambayo haikuwahi kumsemesha, na barazani ubishi ukakatika katikati ya neno.

"Mwanangu, nimegeukia ukuta. Ingia ule."