Kanyagio la Sauti

Mguu wa kulia wa Sinatala ndio uliokuwa ukiamua nani asikike kanisani. Kinanda cha umeme kilikuwa na kanyagio la sauti: akilikandamiza, spika zilifoka, akiliachia, muziki ulififia mpaka feni zikasikika. Kwa miaka kumi na tisa Tuliloa, kiongozi wa kwaya na kaka wa marehemu baba yake, alimwashiria kwa kiganja neno moja tu: punguza. Hakuwahi kumsifu wala kumkosoa kwa jingine. Hilo lilimkaa moyoni.

Mwaka ule Tuliloa alipata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali ya Apia, mji mkuu wa Samoa, mdomo umepinda kidogo, sauti imejaa mikwaruzo, lakini hakukubali mwingine aimbe beti zake za peke yake siku ya kuzindua kanisa jipya. Wageni wangetoka hata Auckland, New Zealand. Mke wa mchungaji alimvuta Sinatala pembeni, akamwomba amsitiri mzee: zamu ya mzee ikifika aongeze sauti ya kinanda tu, watu hawatatambua. Sinatala aliona ni jambo jepesi. Aliona pia, kwa haya kidogo, kwamba lingemfurahisha yeye mwenyewe: safari hii asingepunguza.

Jumamosi, baada ya mazoezi, Tuliloa alibaki akikunja karatasi zake kwa mkono mmoja.

"Wamekwambia unifunike?"

Sinatala akajifanya anatafuta swichi. "Nani, baba mkubwa?"

"Sikiliza, mwanangu. Sauti mbovu ni yangu. Niachie mwenyewe."

Siku yenyewe kanisa lilijaa pomoni, nguo nyeupe tupu. Zamu ilipofika, mke wa mchungaji aligeuka kumtazama Sinatala. Naye akaachia kanyagio. Haikutosha. Kinanda kile kilihisi hata uzito wa kidole, basi akalegeza na vidole, akivigusa vitufe kama vina moto. Sauti ya Tuliloa ikabaki uchi. Iliparuza, ikakatika katikati ya ubeti wa tatu. Mtu akakohoa. Sinatala aliishikilia noti moja, ikinong'ona, mpaka mzee alipovuta pumzi akamalizia, chini kuliko ilivyoandikwa.

Kwenye karamu mke wa mchungaji alimpita bila salamu. Tuliloa alikuwa ameketi na sahani ya talo, magimbi ya kwao, binti yake akimkatia vipande. Akamwita Sinatala kwa kidole.

"Ubeti wa tatu ulichelewa."

"Nilikuwa nakusubiri."

Mzee alitafuna taratibu, kwa upande mmoja wa mdomo. "Nilikusikia," akasema, kisha akamwambia bintiye asogee, mtu apate pa kukaa.