Mikono ya Zamu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fundi cherehani alikuwa kwenye kona ya duka la rangi akihesabu vichwa. Vilikuwa kumi na kimoja. Aliwapanga watoto wawili wawili, wadogo katikati, akainama kukagua kamba za viatu, akamfuta mmoja makamasi, kisha akasema, "Haya, miguu." Wote walimwita Shangazi, ingawa alikuwa shangazi wa damu wa mmoja tu, binti wa darasa la sita aliyeachiwa na kaka yake. Kazi ya binti huyo ilikuwa kufunga msafara.

Mpango haukuwa wake peke yake. Mtoto mmoja alipogongwa na pikipiki kwenye barabara kuu akavunjika paja, wazazi waliitana, wakagombana hadi wakachoka, wakakubaliana: watoto wataondoka pamoja, na kila siku watu wazima wawili watawasindikiza. Walijiandikisha Shangazi na wenzake saba. Mwalimu mkuu aliahidi kusimama barabarani na bendera nyekundu. Orodha ya zamu ikabandikwa mlangoni kwa kinyozi. Barabara yenyewe haikuwa na kivuko wala tuta, na madereva wakiona watoto walikanyaga mafuta, kana kwamba wametukanwa.

Kinyozi ndiye aliyeanza kujitoa. Alikuja Jumatatu ya wiki ya tatu, hakusalimu, akasema wateja wake wanataka kunyolewa kabla ya kwenda kazini.

"Na mwanao?" Shangazi akamuuliza.

"Si wewe unakwenda huko huko?"

Jumanne Shangazi alipoamka, alikuta mkono wa tatu umemwota chini ya kwapa la kulia. Ulikuwa wa kiume, unanukia spirit, una kovu la wembe kwenye kidole gumba. Aliujua ni wa nani. Aliukunja, akaukunjua, akaona unafanya kazi. Basi alifumua gauni ubavuni, akashonea mkono wa kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule, akatoka. Siku ile alishika watoto watatu badala ya wawili. Kinyozi hakupungukiwa na kitu. Alipopita kwake, mikono yake yote miwili ilikuwa inanyoa.

Muuza simu alijitoa kwa ujumbe mfupi. Mkono wake uliota Alhamisi, upande wa kushoto, na kucha yake ndefu ya kidole cha mwisho. Fundi bomba hakusema lolote, aliacha tu kuja. Mama mmoja alisema mgongo unamsumbua, na mchana wake akaonekana amebeba godoro kichwani. Kufikia mwisho wa mwezi Shangazi alikuwa na mikono tisa, na kwenye zamu alikuwa amebaki yeye.

Watoto walizoea kabla ya watu wazima. Waligombania mkono wa fundi bomba kwa sababu ulikuwa na joto. Wa muuza simu hawakuupenda. Ulikuwa unawapapasa mifukoni. Wa kinyozi haukutulia hata dakika moja, ulikuwa ukigongagonga vidole pajani mwa Shangazi kama mtu anayecheleweshwa.

Wateja wa cherehani walianza kupungua, wakisema nguo zao zinashonwa na watu wasiowajua. Kisha muuza simu akaja dukani kwake, akabaki amesimama mlangoni.

"Unautumia mkono wangu bila ruhusa," akasema.

"Uchukue."

"Nitauweka wapi? Mimi ninayo miwili."

"Basi njoo nayo kesho asubuhi."

Aliondoka, na kesho yake hakuonekana.

Jumatano moja lori la mchanga lilisimama kuwapisha. Walipofika katikati ya barabara, mkono wa kinyozi ukaachia. Haukuteleza. Ulifunguka kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa ana shughuli nyingine. Aliyeachiwa alikuwa mtoto wa kinyozi mwenyewe. Alibaki amesimama barabarani peke yake, akiangalia kiganja chake. Gari dogo jeupe lililokuwa linalipita lori lilifunga breki, likalipiga begi lake, naye akaanguka kifudifudi. Jino moja likavunjika, viwiko vikachubuka. Dereva alitoa kichwa dirishani, akamtukana Shangazi, akamtukana na mama yake, akatukana ile mikono, kisha akaenda zake.

Alasiri kikaitwa kikao katika darasa la nne. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, wamefumbata mikono. Mwalimu mkuu alikaa mbele na daftari.

"Nilikuamini, nikakukabidhi mwanangu," kinyozi alisema. "Umemwachia."

"Mkono wako ndio uliomwachia."

"Ulikuwa mwilini mwa nani?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu mkuu akaandika. Kisha akauliza kama yuko wa kushika zamu hata siku moja kwa wiki. Mmoja akatazama simu yake.

"Mwenye miwili atafanya nini kilichomshinda mwenye tisa?" akauliza fundi bomba, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wakacheka.

Wakaamua orodha ya zamu ibanduliwe, maana haina kazi tena, na Shangazi apewe onyo awe makini zaidi. Mwalimu mkuu akaongeza kwamba suala la bendera halitawezekana muhula huu, ana ripoti nyingi. Shangazi alijipapasa mbavu, akitafuta nafasi iliyobaki. Aliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa siku zao za zamu.

"Na mimi nikijitoa?" akauliza.

"Ujitoe, halafu watoto wapite vipi?" akasema yule mama wa mgongo, akisimama kujikung'uta sketi. Kikao kikaisha hapo.

Shangazi alitoka na binti wa kaka yake, aliyekuwa akimngoja nje na mabegi. Njia nzima Shangazi alikuwa akiwaza: kama wale saba mikono yao ilihamia kwake, yake miwili ingehamia kwa nani? Walipokaribia barabara aliona yule binti anajikuna kwapani.

"Hebu simama. Inua mkono."

Msichana akainua. Chini ya kwapa palikuwa na uvimbe mwekundu, mdogo kama kitufe, na ulikuwa ukikua polepole huku anautazama. Shangazi alijua ni kitu gani; ile saba ya kwake ilianza hivyo hivyo.

"Sijajitoa," akasema kwa sauti, akiwa hamwambii mtu yeyote. "Niliuliza tu."

Wakangoja. Baada ya muda uvimbe ukaanza kunywea, ngozi ikarudi laini, na msichana akashusha mkono akasema hakuwashi tena. Shangazi akamshika kwa mikono mitatu, wakasimama ukingoni mwa barabara. Magari yalikuwa mengi saa zile, na hakuna hata moja lililopunguza mwendo.