Makuti ya Kanze Yafika Mahakamani

Tangu lori la mchanga limgonge kando ya barabara ya Tiwi, mkono wa kulia wa Kanze haukupanda tena kupita kiuno. Daktari aliandika hivyo, na Kanze alipodai fidia, hakimu wa Kwale angemwamini tu, kama wakili wa mwenye lori hangemleta Makau, mnunuzi wa makuti wa Ukunda.

"Huyu mama ananiuzia makuti kila wiki," Makau alisema. "Hajakosa hata moja."

Kanze akarudishwa kizimbani. "Haya tueleze, mama," wakili akamwambia. "Mkono uliokufa washonaje makuti?"

Jibu Kanze alikuwa nalo, limeketi benchi la nyuma na koti lake la harusi: mumewe, Chengo. Miaka miwili tangu ajali, Chengo alikuwa akijifungia chumbani kushona makuti, kazi ya wanawake ambayo mwanamume wa kwao huwezi kumwona akiifanya hata kwa dawa. Nje alikuwa mgema wa minazi mirefu, hamwogopi mtu. Ndani alikuwa akimchana mkewe nywele. Kanze alimpenda mno. Aliona heri kesi ife kuliko wagema wenzake wamcheke.

"Mama, nakungoja," hakimu alisema.

"Sina la kusema, mheshimiwa."

Benchi la nyuma likalia. "Nashona mimi, mheshimiwa!" Chengo alikuwa amesimama, jasho linamtiririka. "Nashona mimi, na kupika napika mimi. Mkono ule hauinui hata kijiko."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Kanze akauona uso wa mumewe ukisinyaa, akatamani kumfunika kwa leso yake.

Wakili hakucheka. "Mume atasema lolote. Ushahidi uko wapi?"

Hapo Makau akajipiga kipaji cha uso. "Kumbe! Mheshimiwa, zamani makuti ya huyu mama yalikuwa hayapitishi tone. Hii miaka miwili yamelegea kabisa. Mvua za Elinino zimeniaibisha kwa wateja. Mimi nilidhani mama amekuwa mvivu, kumbe ni mkono mwingine!"

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Wakili akaketi.

Walipotoka, Chengo alitangulia hadi langoni. "Eti yamelegea," akanung'unika. "Na vile ninavyojikaza!"

Kanze akamshika kiganja kwa mkono wake mzima, mbele ya watu wote. "Twende zetu, mume wangu. Leo utashonea uani, nami nitakuonyesha pa kukaza."