Mtu wa Juu ya Bati

Kazi ya antena ni ya watu wawili. Mmoja yuko juu anazungusha bomba, mwingine yuko ndani mbele ya televisheni anapiga kelele. Wa juu haioni picha, wa ndani halioni bomba, sauti tu ndiyo inayowaunganisha. "Vipi?" "Bado." "Sasa je?" "Chenga tupu." Mpaka wa ndani aseme "hapo hapo", wa juu hashuki. Nimeifanya kazi hiyo kwenye miji ambayo mingine nimeshaisahau sura, na kila nilikokwenda nimekuta ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo nilipofika kwenye nyumba ile, nikamkuta mama mtu mzima amekaa peke yake mbele ya televisheni ya zamani, ile yenye chogo nyuma, huku anasemea dirishani, "Bado, Baba Watoto, bado," nilidhani kuna fundi ameniwahi.

"Kuna mtu juu?" nikamwuliza binti yake, maana yeye ndiye aliyeniita.

"Hakuna mtu, mzee. Baba alishafariki. Alianguka kutoka hapo hapo juu, anazungusha antena." Akashusha sauti. "Tangu tuanue matanga mama yuko hivyo, miaka sasa. Asubuhi bado, jioni bado. Mtaani wameshampa jina, Mama Bado. Nimemletea televisheni mpya, hajaitoa hata kwenye boksi. Wewe funga dishi, halafu kata hilo bomba nisilione tena."

Sikuchimba zaidi. Nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda.

Bati lilikuwa jekundu kwa kutu, nikawa nakanyaga kwenye misumari tu nisije nikatumbukia chumbani kwa watu. Bomba la antena lilikuwa limebanwa kwenye ukuta wa nyuma kwa vyuma viwili, na vyuma na bomba vilishakuwa kitu kimoja. Nikatia spana, nikaning'inia nayo kwa uzito wangu wote. Halikutikisika. Nikasema basi, hili ni la msumeno.

Ndani nikamsikia, "Kushoto kidogo, Baba Watoto."

Bomba likaenda kushoto.

Upepo haukuwepo. Nguo za jirani zilikuwa zimetulia kwenye kamba. Vyuma havikulia, wala kutu haikupukutika. Ile antena ilizunguka taratibu, kwa mwendo wa mtu anayeogopa kupitiliza. Nikaweka kiganja kwenye bomba. Siku ilikuwa ya mawingu, chuma kilikuwa baridi kuanzia chini mpaka juu, isipokuwa sehemu mbili, usawa wa kifua changu. Hapo palikuwa na joto, kama mpini wa jembe ambao mwenyewe ameuachia sasa hivi.

Nilishuka upesi kuliko nilivyopanda.

"Umemwona?" mama akaniuliza hata sijavuka mlango.

"Sikuona mtu, mama. Nimeona bomba tu."

"Basi umemwona."

"Mama, jamani," binti akasema. "Mtu wa watu amekuja kufanya kazi."

"Na baba yako naye yuko kazini." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu, hakuwa mwehu hata kidogo. "Nakuomba, kaka yangu, usilikate. Amelishikilia hilo, hana kingine cha kushika. Ukilikata ataanguka tena. Ile mara ya kwanza sikujua. Kulikuwa na mpira, akauliza vipi, nikasema bado. Nikasikia kishindo, nikadhani ameangusha spana. Nikasema bado tena. Nilirudia mpaka jirani akaja kunishika mkono."

Binti akatazama sakafu. Nadhani hilo la jirani alikuwa hajawahi kulisikia.

"Kwa nini usimwambie ashuke?" nikauliza.

"Hashuki mpaka asikie hapo hapo. Unamjua? Humjui. Siku moja nilichoka nikamwambia hapo hapo, akashuka akakuta chenga. Alininunia wiki nzima, anakula ameugeukia ukuta. Nikamwapia kwamba sitamdanganya tena kwa picha. Kwa hiyo nangoja ije."

Nikaitazama ile televisheni. Ilikuwa inachemka chenga, shhh, kama mafuta kwenye karai. Nikaona hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

"Mama, mitambo ya zamani ilishazimwa. Televisheni kama hii, bila king'amuzi, antena haiiletei kitu. Azungushe kushoto, azungushe kulia, hewani hakuna picha."

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Hata akizungusha mpaka kesho?"

"Hata mpaka kiama."

Vidole vyake vilikuwa vinafunga na kufungua pindo la khanga.

"Panda, kaka," akasema. "Kaa karibu yake. Nataka kuwe na mtu."

Sikutaka, sitadanganya. Nikapanda ngazi kipago kwa kipago. Nikakaa juu ya bati, bomba likiwa mbele yangu. Likaenda kulia, likarudi, likasita.

Kutoka mle ndani ilisikika ile shhh ya chenga tu. Halafu akasema, kwa sauti aliyokuwa ameilazimisha ichangamke, "Hapo hapo, Baba Watoto. Picha safi kama kioo. Acha, shuka."

Bomba likasimama. Kutu ikamwagika kutoka kwenye vyuma, nyingi, ya miaka yote ile kwa pamoja. Kisha bati likabonyea mbele yangu, kwenye misumari, kuelekea kwenye ngazi.

Nikachungulia chini. Mama alikuwa ameshatoka, ameishika ngazi kwa mikono yote miwili. "Pole pole," anasema. "Hapo katikati panateleza." Vipago vilikuwa vinapinda kimoja baada ya kingine kama vimebeba mtu mzito. Binti alisimama mlangoni ameziba mdomo, mara akakimbia akashika ubavu wa pili wa ngazi. Kipago cha mwisho kilipoinuka, mama akarudi nyuma hatua moja kama anayempisha mtu. Binti naye akapisha.

Tukangoja sote watatu.

Mle ndani hakukuwa na mtu. Ile shhh ikakatika ghafla, kak, kama mtu amezima kwa hasira.

Mama akaitazama nyumba kwa muda mrefu. Akajifuta uso kwa khanga.

"Acha aninunie," akasema. "Yuko chini."

Akairudia ngazi, akaishika tena vizuri, akanyanyua uso kunitazama.

"Haya, na wewe shuka."