Chuma Ubavuni

Jumanne saa nne asubuhi Zablon alikuwa anaifungua amplifaya ile kwa mara ya tatu, na skrubu zake alishazijua moja moja, hadi ile iliyoliwa kichwa. Ilikuwa ya kizamani, ya taa za kioo, ambazo zikipata moto zinawaka rangi ya chungwa. Mwenyewe ni Mzee Ebenezer wa ukumbi wa sherehe kule Nzuguni, na anayeipigia gitaa ni Anjelina. Mara ya kwanza Zablon alibadilisha kapasita. Mara ya pili aliweka taa mpya nne, akarudia solda zote. Kila mara, kwenye meza ya karakana yake Ihumwa, iliimba vizuri kabisa. Kila mara, ikirudi ukumbini, Anjelina alipiga simu.

"Fundi, bado inaongea."

"Inanguruma?"

"Inaongea! Kwa Kigogo. Bibi mmoja hivi. Juzi kaharibu sendofu nzima."

Zablon akasonya. Miaka kumi na minane ya ufundi, leo anashindwa na sanduku! Alipima upya, akakuta kila kitu kiko sawa, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Akaifunga, akaipakia kwenye bodaboda mpaka ukumbini ili akasikie mwenyewe.

Waliiwasha. Taa zikapata moto. Sauti ikatoka kwenye spika, kavu, ya mtu aliyeamshwa.

"Nani kanichoma ubavuni?"

Zablon aliijua kabla haijamaliza. Ilikuwa ya bibi yake Raheli, aliyemlea tangu anatambaa, akafariki miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Mimi Zablon. Sijakuchoma."

"Basi mtafute aliyenichoma. Chuma kinaniuma."

Anjelina alishusha gitaa, akavuta kiti. "Kumbe ni wa kwenu," alisema. "Mwambie basi awe anasubiri wimbo uishe."

Tofauti ya karakana na ukumbi ilikuwa moja tu, na Zablon alijilaumu kwa kutoiona mapema. Soketi ya karakana haina waya wa ethi, ule wa kushusha umeme ardhini. Ya ukumbini inao. Akaufuata ule waya wa kijani ukutani, ukatoka nje, ukaishia kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini nyuma ya jiko. Ardhi ya hapo ni ngumu, inarudisha sururu. Mafundi umeme walizunguka kiwanja kizima wakapata mahali pamoja tu palipo laini, penye udongo uliowahi kuchimbwa. Waliouchimba ni Zablon na baba zake wadogo, siku ya kumzika bibi.

Kiwanja hicho kilikuwa shamba lao la uwele. Wapimaji walipokuja, waliorodhesha makaburi ili yahamishwe, na kaburi kwao lilikuwa saruji au msalaba. Ukoo wa Zablon huweka jiwe la kusagia la marehemu, limelazwa kifudifudi, basi. Mpimaji akaandika: jiwe moja, halina thamani. Zablon alibisha. Akaambiwa asaini kwanza, malalamiko baadaye. Akasaini, na mpaka leo anajichukia kwa saini ile.

Alichomoa waya kwenye chuma. Bibi akanyamaza. Anjelina akapiga gitaa, safi, halafu akasogeza mdomo kwenye maiki aimbe, umeme uliokosa ethi ukampiga midomo, akaanguka chali. Zablon alimwinua, akamkalisha, kisha akaurudisha waya kwa mkono wake mwenyewe.

"Ahaa," bibi alisema. "Kumbe ni wewe."

Mzee Ebenezer alikuja na faili. Alimwamkia bibi kwanza, kwa heshima zote. Zablon akamwomba ruhusa ya kuking'oa chuma na kukipigilia upande wa geti, bure, kwa jasho lake.

"Nikikihamisha, nimekubali kuna kaburi," Ebenezer alisema. "Nikikubali kuna kaburi, kiwanja kinarudi mezani. Karatasi inasema jiwe."

"Lakini mzee, si unamsikia!"

"Namsikia vizuri tu. Sauti haina muhuri, fundi."

Zablon alitamani kuitupa ile faili jikoni iungue. Badala yake alimsaidia mzee kuifunga kamba.

Siku hizi mshereheshaji humweka bibi kwenye ratiba, baada ya keki. Bibi husema lile lile, wageni wa wizarani hupiga makofi, na Anjelina ameshajua kumfuatisha kwa gitaa. Kiangazi udongo ukikauka amplifaya hunguruma, na dawa yake ni kumwagia chuma maji ya chumvi. Kazi hiyo amepewa Zablon. Kila Ijumaa mchana huchuchumaa nyuma ya jiko na ndoo yake, akamimina taratibu. Ebenezer ameshauliza mara mbili kwa nini ngurumo haiishi kabisa. Haiishi kwa sababu Zablon haweki chumvi, anaogopa kumtonesha bibi.

Ndani, Anjelina akiwa amewasha, sauti hutoka dirishani.

"Maji nimeyapata, mjukuu wangu. Chuma je?"

"Bado, bibi," Zablon hujibu, kisha huenda kuosha ndoo.