Mjomba Atambeba Mwali

Mume wangu Castory akishaamua jambo, bora ubishane na ukuta. Kwa hiyo siku dada yake Juliana alipopiga simu kutoka Mgeta kusema bintiye Upendo amemaliza kidato cha nne na amewekwa ndani, achezwe ngoma kama mabinti wote wa ukoo wao, nilijua amani ya nyumba yetu imekwisha.

Mimi kwetu ni Mahenge, lakini nimeolewa na Mluguru miaka mingi na mambo yao nayajua. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Siku mwali anapotolewa nje, mjomba wake ndiye anayembeba mabegani kutoka mlangoni hadi kwenye ngoma, na miguu ya mwali haigusi ardhi mpaka afike. Juliana ana kaka mmoja tu wa tumbo moja, naye ndiye huyu Castory wangu, mstaafu wa kiwanda cha sukari na mgonjwa wa kisukari. Cheka tu, hata yeye hucheka.

"Kaka, usijitese," Juliana alisema kwenye simu. "Kama afya hairuhusu, Wilfred atambeba."

Wilfred ni binamu yao, anauza mahindi Dumila na ana mabega kama kabati. Castory aliiweka simu mezani taratibu mno. Baba yake Upendo alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Aliyemfundisha kuendesha baiskeli ni Castory. Aliyekuwa anapanda Mgeta kwa ajili ya vikao vya wazazi shuleni ni Castory. Leo aje Wilfred ambebe?

Kliniki, Dokta Cecilia alikuwa amemwambia zamani afanye mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, kwamba misuli inamsaidia sana mtu wa sukari. Alikuwa hasikii. Sasa akasikia. Kila asubuhi baada ya uji alibeba kiroba cha mchanga mabegani, akachuchumaa na kuinuka pale uani kwetu Mwembesongo huku anapiga mluzi. Kiroba kikawa chepesi, akaongeza mchanga. Halafu siku moja akanitazama mimi.

"Mama Magreth, hebu panda."

"Nipande wapi?"

"Mabegani. Mchanga umetulia, mwali anatikisika."

Nikapanda. Mimi huyu, bibi mwenye wajukuu, nimekaa juu ya mabega ya mume wangu, nimemshika kichwa kama usukani. Jirani yetu Asha alipiga vigelegele vilivyojaza watu ukutani. Nilicheka hadi mbavu zikauma, na Castory akaniambia nitulie, mwali hacheki.

Shida ilikuwa paja. Mimi ni fundi cherehani, na kila Jumapili tukitoka misa alinifuata nimpime kwa futi. Paja lilikuwa palepale. Abel wa nyumba ya nyuma, rika lake, walianza mazoezi pamoja, naye hana kisukari. Huyo suruali zilimbana, akaniletea nizipanue. Castory alizitazama zile suruali kwenye cherehani yangu kwa wivu ambao hata hakujaribu kuuficha.

Ndipo binti yetu Magreth, katika kumsaidia baba, akasoma kwenye simu yake. Kumbe kuna watafiti wa nje waliowafanyisha wazee mazoezi ya kunyanyua vyuma, na wale waliokunywa metformini misuli yao haikujaa kama ya wenzao. Metformini ndiyo dawa ya Castory ya kila siku. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akanyamaza. Nilipaswa kushtuka. Castory akinyamaza kuna jambo.

Haukupita muda akaanza kumaliza jagi la maji peke yake na kwenda chooni kila saa. Kile kiroba cha mluzi kikamshinda. Nikampima paja, limepungua. Nikapima tena nikidhani futi imejikunja.

"Baba Magreth, dawa unakunywa?"

"Dawa inazuia misuli yangu."

"Nimekuuliza, unakunywa?"

"Nimeipumzisha kidogo. Mwali akishatoka nitairudia."

Nilimfokea mpaka Asha akaacha kufua. Haikuwa hasira peke yake. Niliogopa, nikaogopa sana, kwa sababu nampenda mzee huyu na ukaidi wake wote. Kesho yake nilimshika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaenda kliniki.

"Shikamoo baba," alisema Dokta Cecilia, ambaye ni rika la Magreth. Alipoona sukari ilipofika aliuliza kulikoni, nikamweleza yote, hadi aliyoyasoma Magreth. "Magreth hakusoma uongo," akaanza. "Ila wazee wale hawakuwa na kisukari. Wewe ukiacha dawa sukari inapanda, na ikipanda hivyo mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Ndiyo maana unakonda."

"Nikiinywa haijai, nisipoinywa inaliwa. Sasa nifanyeje, daktari?"

"Kabla hujaiacha ulikuwa unabeba nini?"

"Mke wangu."

Dokta alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na mimi si mtu wa kumaliza kwa jicho moja. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Baba, anayembeba huyu mama ana nguvu. Nguvu na unene wa paja si kitu kimoja, hata wazee wale nguvu zao ziliongezeka. Rudia dawa, kula maharage na mayai, sukari ikitulia anza tena polepole. Na siku nyingine ukisikia habari ya dawa yako, njoo uniulize mimi kwanza."

Alirudia. Nilikuwa nasimama mbele yake mpaka ameze. Nguvu zikarudi, ila siku nazo zilikuwa zimeyoyoma, na huko Mgeta mwali hakuwa anafanya mazoezi. Mwali kazi yake ni kukaa ndani na kulishwa.

"Amejaa, amependeza!" Juliana alisema kwenye simu. "Ndizi, maharage, kuku, anakula vyote."

"Mpunguzieni ndizi," Castory akamwambia.

"Kaka! Mwali anyimwe chakula?"

Siku yenyewe tulimkuta Wilfred ameshafika, mikono ya shati ameikunja. Castory alimsalimia vizuri, akaenda moja kwa moja mlangoni. Upendo akatolewa, anang'aa mafuta, kanga imefunika kichwa. Juliana hakuwa amesema uongo.

"Shikamoo mjomba," alinong'ona chini ya kanga. "Mjomba, nimenenepa."

"Marahaba. Panda, mwanangu."

Akachuchumaa. Binti akapanda. Nami nikashika kifua changu. Castory akainuka, taratibu lakini akainuka, na vigelegele vikapasuka.

Sasa Mgeta hakuna tambarare. Ngoma ilikuwa juu, nyumba chini, na kati yake ni mlima mtupu. Alikwenda vizuri hadi katikati, kisha magoti yakaanza kutetemeka. Wilfred akasogea hatua moja. Nilimwona, nikataka kulia, maana nilijua Castory akipokonywa binti yule mbele za watu hatapona.

Juliana alikuwa amekaa karibu na ngoma. Aliinuka, akachukua kigoda chake, akateremka huku anapiga vigelegele, akakiweka chini zaidi, karibu na Castory. Mpiga ngoma mkubwa akamtazama, akakumbatia ngoma yake, akamfuata bila kuacha kupiga. Wenzake nao wakafuata. Wanawake wakateremka wakiimba na kucheza, na hakuna aliyemwambia mwingine kitu. Wilfred mwenyewe akageuka, akambebea mzee mmoja ngoma.

Castory alikuwa ameinamisha kichwa, jasho limejaa machoni, haoni ila ardhi. Alikwenda, akaenda, mpaka akajikuta katikati ya ngoma. Akamtua Upendo kwenye kigoda cha mama yake bila mguu kugusa chini.

Nilimkalisha pembeni nikampepea kwa kanga. Alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja.

"Mama Magreth, umeona? Nimemfikisha. Tena kumbe si mbali!"

Nilimtazama Juliana, anafuta macho kwa upindo wa kanga. Mimi mdomo wangu unajulikana Mwembesongo nzima.

"Nimeona," nikamwambia. "Umemfikisha." Na wala sikumdanganya.